Kipande Hakikutosha

Watu hudhani mfupa ni kitu kikavu kama mguu wa meza. Hata shemeji yangu, aliyesoma kunishinda, huniuliza huko maabara nachungulia nini miaka yote hii. Namwambia mfupa ni mtaa wenye watu. Kuna seli zinazojenga, kuna seli zinazobomoa palipochakaa, na kuna zilizojichimbia ndani kabisa, ambazo kazi yao ni kutoa taarifa wapi pabomolewe na wapi pajengwe. Zikielewana, unatembea bila hata kukumbuka kuwa una mifupa. Wabomoaji wakizidi, au seli ngeni zikivamia, mtu huvunjika mkono kwa kufungua dirisha tu.

Hivyo ndivyo alivyovunjika mama mmoja fundi cherehani. Daktari wa mifupa akamtoboa nyonga kwa sindano nene, akachomoa kipande chembamba kama njiti ya kiberiti, akatuletea tuone kuna nini mle ndani.

Kazi yangu ni kukiloweka kwenye tindikali mpaka kilainike, kisu kiweze kukikata. Ukikitoa mapema, kinang'oa makali ya kisu. Ukichelewa, viini vya seli vinaharibika na rangi haivishiki tena. Kipande kile kilitakiwa kutoka Jumamosi asubuhi. Nilijua vizuri. Ufunguo wa maabara nilikuwa nao mfukoni. Lakini nilijilaza kwenye kochi, nikatazama mpira Jumamosi na Jumapili, nikijidanganya kwamba Jumatatu si mbali.

Jumatatu nilikikuta kimelegea kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Nikakikata hivyohivyo, nikakitia rangi, nikainamia darubini. Rangi ya waridi tupu. Mjenzi nani, mbomoaji nani, mgeni nani, hakuna aliyejulikana. Nikashika kalamu, na kwenye fomu nikaandika: "Kipande hakikutosha." Maneno mawili tu. Daktari wetu anayesoma vipimo ameniamini kwa miaka kumi na minane, kwa hiyo hakuuliza kitu. Akaagiza mama atobolewe upya.

Tangu hapo chakula kilikuwa hakishuki. Asubuhi moja mke wangu alinikuta natia chumvi kwenye chai, akauliza kama nimepata mwanamke mwingine. Nilitamani iwe hivyo, walau hilo lingekuwa na raha yake.

Siku ya kurudia kipimo nilitumwa nikakipokee kipande mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Nilienda na kichupa changu cha dawa ya kuhifadhia kipande. Kwenye benchi la nje alikaa mama mwenyewe, mkono umening'inizwa shingoni kwa bandeji, na binti yake pembeni.

"Safari hii usijitikise, mama," binti alisema. "Ulijitikisa, ndiyo maana kikatoka kidogo."

"Nimesikia, mwanangu. Sitajitikisa."

Mama akaniona na koti langu jeupe. "Wewe ndiye wa maabara?"

"Ndiyo, mama."

"Nisamehe, baba. Ile sindano ilipogusa mfupa, nilishindwa kuvumilia, nikaruka. Nimewapa kazi mara mbili." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Ila nimefanya mazoezi. Kila asubuhi huyu ananifinya paja kwa nguvu zake zote, nami nakaa kimya. Jana sikutoa hata sauti."

Binti akatikisa kichwa kukubali. Alionekana kujivunia mama yake.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Usijali, mama" ilikuwa tayari mdomoni, na hakuna ambaye angejua. Nikatazama lile paja chini ya shuka la hospitali, nikajiona mtu mbaya kuliko nilivyowahi kujiona.

"Kipande kilitosha, mama," nikasema. "Kilikuwa kizuri kabisa. Mimi ndiye niliyekiharibu. Nilikiacha kwenye tindikali siku mbili zaidi, halafu nikaandika uongo."

Binti alisimama akanipa maneno yangu yote, nami sikumkatiza. Alisema atanishtaki kwa daktari. Nikamwambia nikitoka pale naenda kwa daktari mwenyewe, na aje tu, tuongozane. Mama alikuwa akijipapasa paja taratibu kwa mkono wake mzima.

"Kwa hiyo haikuwa mimi," alisema mwishowe.

"Haikuwa wewe, mama."

Muuguzi akamwita. Aliinuka, akanipita bila kunitazama, na mlango ukafungwa.

Muda si mrefu nikasikia kelele zake. Alilia kwa sauti kubwa, bila kujizuia hata kidogo, mpaka watu wa korido ya pili wakageuka. Binti yake akaniangalia. Nilibaki nimesimama na kichupa changu mkononi, nikimsikiliza mpaka alipomaliza.