Matone Manne ya Maji

Tangu Mei, Evarista alikuwa akipiga vizuri mita mia tatu na vibaya mita mia nane, na hakuna mtu katika klabu yao ya kulenga shabaha aliyeweza kumweleza kwa nini. Karibu, risasi zake zilikaa pamoja kama mbegu za papai. Mbali, moja ilipita juu ya duara jeusi na nyingine ikaishia chini yake. Hazikwenda kulia wala kushoto. Zilipanda na kushuka tu.

"Ni pumzi," Nomsa alimwambia. Nomsa alikuwa kapteni wa timu. Yeye na Evarista walizaliwa Morogoro, baba zao wakiwa wapigania uhuru waliokimbia Afrika Kusini, na waliletwa Johannesburg wakiwa wasichana. Wakiwa uwanjani, mambo yasiyowahusu wengine waliyasema kwa Kiswahili. "Unafyatua kabla hujatulia. Eish, Eva, miaka kumi na minne unapiga, leo nikufundishe kupumua?"

"Pumzi yangu ni ile ile, dada."

"Basi ni macho. Una miaka hamsini na mbili." Nomsa akafunga daftari lake. "Mashindano ya Agosti nimekuweka akiba."

Evarista alipakia bunduki garini, akaendesha hadi robot ya tatu, zile taa za barabarani, ndipo machozi yakamtoka, yasikome hadi nyumbani.

Kazi yake ilikuwa kukereza vyuma katika karakana moja ya Doornfontein. Mashine ikianza kutoa kazi mbovu, hakuwa na tabia ya kumlaumu fundi kwanza. Aliuliza: ni nini kilichobadilika? Jumatatu iliyofuata, akisafisha mashine, alijiuliza swali hilo hilo kuhusu bunduki yake. Mtutu ni ule ule. Baruti ni ile ile, ambayo Nomsa aliichagua kwa ajili ya timu nzima. Vichwa vya risasi ni vile vile. Na maganda ya shaba anayoyajaza baruti mwenyewe, je?

Maganda yalikuwa mapya. Mwezi Aprili yale ya siku zote yalikosekana dukani, akanunua ya kiwanda kingine. Kwa nje yalilingana kabisa. Alikuwa ameyapima mwenyewe. Lakini ndani hakuwahi kuyapima.

Jumapili, baada ya kanisa, aliketi kwenye meza ya jikoni kwao Bertrams akiwa na maganda matupu yaliyotumika, kumi ya zamani na kumi mapya, bomba la sindano na mizani ndogo. Mama yake, Orpha, Mchaga aliyemfuata mumewe huku na hajaacha kuilalamikia baridi ya Julai, alisimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Unayanywesha maji?"

"Napima tumbo lao, mama. Najaza hadi mdomoni, halafu napima uzito."

"Na matumbo yakoje?"

Evarista alirudia kupima yote ishirini kabla ya kujibu. "Haya mapya yana ukuta mwembamba. Kila moja linabeba maji zaidi. Kama matone manne."

"Matone manne ndiyo yamekuliza njia nzima wiki iliyopita?"

"Ndiyo, mama." Akaanza kucheka.

Sasa aliona kila kitu. Baruti ya timu ilikuwa ya kuwaka haraka, na kipimo chake kilienea vizuri kwenye ganda lenye tumbo dogo. Kwenye ganda lake kiliacha nafasi. Baruti ililala mbele mara moja, nyuma mara nyingine, na kila ilipolala tofauti iliwaka tofauti. Risasi moja ilitoka kwa mwendo mkubwa, nyingine ikachelewa. Mita mia tatu tofauti hiyo haionekani. Mita mia nane, inayochelewa inaanguka.

Kuongeza baruti ile ile hakukuwezekana. Shinikizo lingepanda kupita kiasi, na kitabu cha watengenezaji kilikataza wazi. Ganda lenye tumbo kubwa lilitaka baruti inayowaka polepole zaidi, ambayo kipimo chake halali kingelijaza hadi karibu na shingo. Alitafuta kitabuni aina inayofaa, kisha uwanjani akaanza na kipimo cha chini kabisa, akapanda hatua kwa hatua bila kuvuka mpaka. Alipofika kipimo cha tatu, kipima mwendo wa risasi alichoazima klabuni kilianza kutoa namba zinazofanana. Alipiga kumi. Akapiga kumi nyingine. Akaziandika namba zote.

Siku hiyo hiyo alimwekea Nomsa karatasi mbili mbele yake: mwendo wa baruti ya zamani na mwendo wa mpya.

Nomsa alisoma kwa muda mrefu. "Mimi ndiye niliyesema wote mtumie baruti moja."

"Kwa maganda yenu ni sawa. Kwa yangu si sawa."

"Na mimi nikakuambia macho." Nomsa aliinamisha kichwa, kisha akachukua kalamu na kuandika upya orodha ya timu. "Jumamosi unapiga wa mwisho. Wa mwisho ndiye anayebeba mzigo. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Sharp, tumeelewana."

Jumamosi upepo wa Agosti ulipeperusha vumbi la manjano kutoka kwenye vilima vya taka za migodi, na bendera hazikutulia. Hadi raundi ya mwisho, mita mia nane, timu ilikuwa sawa kwa pointi na timu ya bingwa wa mwaka jana, na bingwa huyo alikuwa amemaliza na arobaini na tisa kati ya hamsini. Evarista alilala kwenye mkeka. Risasi ya kwanza: tano. Ya pili: tano. Nomsa, aliyekuwa nyuma yake na darubini, alisogeza jicho karibu zaidi na kioo baada ya risasi ya nne. Kwenye ya saba upepo uligeuka ghafla. Evarista alisubiri, akasogeza kilengeo, akafyatua. Tano, kwenye ukingo kabisa. Ya nane, ya tisa.

Ya kumi hakuisikia. Aliona tu shabaha ikishushwa mitaroni na waweka alama, kisha ikipanda tena na alama nyeupe katikati kabisa.

"Hamsini!" Nomsa alipiga yowe. "Hamsini, Eva, tumewashinda kwa pointi moja! Zote zimekaa mstari mmoja, ningeweza kuzifunika kwa sahani!"

Mama Orpha, aliyejifunga kitenge juu ya makoti mawili, alipiga vigelegele hadi wazee wa klabu wakageuka, kisha wakaanza kupiga makofi. Kwa desturi ya mchezo huo mshindi hubebwa kwenye kiti. Wanaume wanne walikileta. Nomsa akamsukuma mmoja pembeni, akashika mguu wa kiti yeye mwenyewe, na Evarista akapanda juu, bunduki tupu magotini, wakampitisha mbele ya bendera zote.