Nani Alikuleta Hapa

Mtu akikwambia mahindi hayaogopi mvua, huyo amezoea kununua unga dukani. Mahindi yakishakauka kwenye bua, halafu mvua iyapate, huanza kuota mizizi yakiwa bado yamevaa nguo. Na mwaka huo mvua ilikataa kwenda kwao. Ilinyesha Oktoba, ikanyesha Novemba, tukaiaga, na Desemba ikarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Huko Ainabkoi, rafiki yangu Kabiru alikuwa na ekari tatu zimesimama, na nyonga iliyomkataa. Mke alishatangulia, watoto wako Naivasha. Alikuwa amewaambia kwa simu, bila utani, na Kabiru si mtu wa kukosa utani: "Haya yakioza, nauza shamba. Nakuja kukaa kwenu nihesabu matofali ya ukuta." Mimi namjua. Kabiru akihamia kwa ukuta hamalizi mwaka.

Ndiye aliyeniingiza kwenye klabu. Nilipostaafu kuendesha lori la mahindi kutoka Moi's Bridge, nilikaa tu Munyaka, hapa Eldoret, nikisumbua majirani kwa hadithi. Siku hizo alikuwa na duka hapo mtaani, kabla hajarudi shambani kwake. Akanishika mkono akasema, "Walubengo, huo mdomo wako ungepewa miguu ungefanya kazi ya watu wanne. Njoo klabu." Klabu yenyewe inaitwa Mkono kwa Mkono. Tunazibua mitaro, tunafua nguo za wagonjwa wasio na watu, tunaezeka nyumba za wajane. Mwenyekiti ni Mama Maximilla, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye akikuangalia unakumbuka hujachana nywele. Ana sheria moja: kazi ikitangazwa, kila mwanachama aje na mtu mpya, na huyo mtu mpya aje na wake.

Siku alipotangaza kazi ya Kabiru alituangalia, sisi wazee kumi na kitu, magoti yakilia kama bawaba.

"Sisi peke yetu tutavuna mpaka Pasaka," akasema. "Mvua haitangoja. Nendeni mlete watu. Na wewe Walubengo, lete watu, usilete maneno."

Sasa mimi watu nawaletaje bila maneno? Nilienda stendi ya bodaboda nikawaambia vijana kwamba Ainabkoi kuna shamba mahindi yake ni marefu, korongo wakitaka kutua juu yake huomba ruhusa. Nikasema hindi moja tu la shamba hilo liliwahi kulisha matanga mawili, na gunzi lake likabaki kuwa nguzo ya kibanda cha kuku.

"Mzee, hizo ni stori za jaba, umetafuna miraa wewe," akasema Ronnie, kijana mmoja mrefu wa pikipiki nyekundu.

"Kama ni stori, njoo Jumamosi unishike uongo. Kuja na panga."

"Na nikikushika?"

"Utanibeba bure mpaka nife."

"Hapo sijui nani amekula nani," akasema, na wote wakacheka. Lakini alikuja. Na alileta wenzake, wenzake wakaleta dada zao, dada zao wakaleta kwaya.

Ijumaa jioni Kabiru alinipigia. "Mtakuja wangapi? Nipike chai ya wangapi?"

Nilikuwa najua hesabu imevuka sitini. Lakini nilitaka kuiona sura yake akituona. Ule utundu wangu. Nikamwambia, "Wale wale wa klabu. Weka vikombe vyako vya sikukuu."

Asubuhi Murunga, dereva mwenzangu wa zamani, alituazima lori lake bila kudai chochote. Vijana wakavunja matawi ya miti wakayapachika kando kando ya bodi, kama gari la harusi. Wakapanda na panga zao, wakaanza kuimba. Mimi nilikaa mbele na Mama Maximilla, nimefurahi kama mbuzi aliyeachiwa kabichi.

Tulipoacha lami nikaanza kuona kitu. Watu hawatupungii mkono. Wakulima walisimama wakatuangalia tu, jembe hewani. Mama mmoja aliyekuwa anapanga viazi kando ya barabara alimwinua mtoto wake, akaingia ndani, akafunga mlango. Viazi akaviacha nje. Nikajiambia ni baridi. Ainabkoi kuna baridi, watu hufunga milango. Lakini baridi ile iliingia ndani ya koti langu na haikutoka.

"Waambie wapunguze kuimba," Mama Maximilla akasema polepole.

"Wanafurahi, mama."

"Najua wanafurahi."

Tulipofika, upande wa Timboroa wingu lilikuwa limeshuka jeusi kama tako la sufuria. Vijana hawakungoja salamu. Waliruka chini, Ronnie akapiga mluzi, wakaingia kona ya chini ya shamba wakaanza kufyeka, mabua yakilala mstari kwa mstari. Nyuma wasichana wakivunja mahindi na kuyatia kwenye magunia. Kazi ilikuwa tamu kuangalia. Nikaenda mlangoni kumwita mwenye shamba aone ajabu yangu.

Mlango ulikuwa wazi. Chai ilikuwa inachemka imefurika, inazima moto. Mezani vikombe vya sikukuu vimepangwa, kumi na kitu, na mkate umekatwa umefunikwa kitambaa. "Kabiru!" Nikatoka mlango wa nyuma. Hapo chini kwenye matope kulikuwa na mkongojo wake, na mbele kidogo buti moja ya mpira.

Kabiru hawezi kutoka jikoni kwenda chooni bila ule mkongojo.

Mama Maximilla alikuwa amenifuata akabaki mlangoni, pale ambapo Kabiru lazima alisimama alipotusikia tukija. "Walubengo," akaniita, na sauti ilikuwa si ya mwalimu. "Njoo uangalie kutoka hapa."

Nikaangalia. Lori getini, limepambwa matawi. Umati usiojulikana, panga zinametameta. Wimbo.

Mwaka ule wa uchaguzi mbaya, watu walipofukuzwa kwa kabila lao, lori la namna hiyo lilisimama kwa geti hilo hilo. Kabiru aliniambia habari hiyo mara moja tu, tukiwa tunakunywa chai dukani kwake, na hakuirudia. Walichoma nyumba. Yeye na mkewe walilala kwenye mtaro siku mbili. Na kitu alichosema hakijawahi kumtoka ni kwamba aliyekuwa akimwita kwa jina, kwa sauti ya upole, "Kabiru, toka, ni sisi," alikuwa mtu aliyemletea maziwa kila asubuhi.

Alama za mguu mmoja wenye buti na mmoja mtupu zilikuwa zinaelekea kwenye mahindi. Alikuwa amejiburuta ndani, akalala. Na upande wa pili wa hayo mahindi vijana wangu walikuwa wanakuja na panga, wakikata chini kwa nguvu, usawa wa kifundo cha mguu. Usawa wa mtu aliyelala.

Sijui nilikimbiaje. Mimi nina goti ambalo daktari aliliambia pole. "Simameni! Simameni! Kuna mtu ndani!"

Waliokuwa karibu walisimama. Wa mbali walikuwa wanaimba, hawakusikia. Panga zikaendelea, cha, cha, cha. Nikaokota debe nikalipiga na jiwe mpaka vidole vikatoka damu. Kukanyamaza.

"Mzee, nini sasa?" Ronnie alikuja akihema, jasho limemlowa. "Cheki mbingu. Hii kitu inanyesha saa yoyote."

"Mwenye shamba yuko ndani ya mahindi. Amejificha."

"Anamkimbia nani?"

"Wewe."

Kijana akaangalia panga lake, akaangalia lori. Alikuwa mdogo sana mwaka ule, lakini ni mtoto wa Eldoret. Nilimwona anaelewa. Bila kuambiwa alienda kung'oa matawi kwenye bodi ya lori, moja moja.

"Twende tumtafute," wengine wakasema. "Tuingie wote, tumwite."

"Asiingie mtu!" Mama Maximilla akasema. "Mkiingia wote mkimwita jina, moyo wake utasimama."

Nikaingia peke yangu. Ndani ya mahindi ni giza la mchana. Majani yanakukwaruza uso na kila hatua inapiga kelele. Alama nilizipoteza kwenye majani makavu. Nilitaka kuita. Mdomo ukafunguka na ukajifunga wenyewe. Niseme nini? "Kabiru, toka, ni sisi"? Ngurumo ikapita juu yangu kama pipa tupu linalobingirishwa. Nikafikiria nyonga yake, nikafikiria matope na baridi ile, mzee amelala kifudifudi akingoja. Niliyemlaza hapo ni mimi, kwa sababu nilitaka kuona sura yake.

Nikaketi chini. Nilichokuwa nacho ni hadithi tu.

"Siku hiyo," nikaanza kwa sauti ya kawaida, ile ya dukani, "nilikuwa natelemka kutoka Timboroa na magunia mia moja, breki zikakataa kazi."

Hiyo hadithi Kabiru ameisikia mara nyingi kuliko sala. Na kazi yake ni moja: kunikatiza. Hajawahi kuniacha nimalize bila kunirekebisha.

"Lori likakimbia mpaka kivuli chake kikabaki nyuma kikiita. Nikaona kando ya barabara mama anauza mboga. Nikanyoosha mkono dirishani, nikachukua kabichi moja ya Ainabkoi, nikaitupa mbele ya gurudumu."

Nikangoja. Upepo tu. Majani yakasugua majani. Tone moja la mvua likanipiga kwenye kipara.

"Ile kabichi ikashika gurudumu, lori likasimama pale pale," nikaendelea, na sauti ilikuwa inatetemeka, nikaikaza. "Tukaichemsha hiyo kabichi, ikalisha kijiji kizima, na polisi wawili wakabeba masalio nyumbani."

Hata hapo hakunirekebisha. Nikajua amekufa. Nawaambia kweli, nilianza kulia bila kuacha hadithi. "Na ile kabichi..."

"Kiazi."

Ilitoka chini, karibu na mguu wangu wa kushoto, sauti iliyojaa udongo.

"Nini?"

"Ilikuwa kiazi. Na polisi walikuwa watatu. Muongo asiye na kumbukumbu ni mwizi."

Alikuwa amelala hatua chache tu, majani juu yake, uso umechafuka, jicho moja likiniangalia. Hakusogea. Na mimi sikumsogelea.

"Hao ni nani?" akauliza.

"Ni watu wa klabu."

"Klabu nimekaa nayo miaka. Wote wana magoti mabaya. Hao wanaruka."

"Ni watu tulioleta. Na waliowaleta wao. Nilijua tangu jana ni wengi, nikakuficha. Nilitaka ushangae."

Akatema udongo. "Nimeshangaa," akasema.

"Wamekuja kuvuna, Kabiru. Wameshavuna kona yote ya chini."

"Waambie waweke panga chini. Zote. Nataka nizisikie zikianguka."

Nikatoka nikawaambia. Mmoja akalalamika kwamba mvua hii hapa, kazi imebaki kubwa. Mama Maximilla alienda mbele ya nyumba, akalitupa panga lake chini, juu ya jiwe ili lilie. La Ronnie likafuata. Halafu mengine, mengi, kelele ya chuma juu ya chuma, na baadaye hakuna kitu kabisa ila ngurumo.

Kabiru alitoka akiniegemea, mguu mmoja na buti, mwingine na matope. Mwanamke mmoja wa kwaya alimletea mkongojo wake, akauweka chini hatua chache kutoka kwake, akarudi nyuma. Niliuokota nikampa.

Alizunguka rundo la panga. Kisha akainama kwa shida, akaokota moja, akalinyoosha mbele.

"Hili la nani?"

"Langu, mzee," akasema Ronnie.

"Unaitwa nani? Nani alikuleta hapa?"

"Ronnie. Nililetwa na Mzee Walubengo."

Akampa. Akaokota jingine.

"Aketch. Nililetwa na Ronnie."

"Emmanuel. Nililetwa na Aketch, mzee."

"Ciru, baba. Tumeletwa na kwaya." Akamwangalia sana huyo Ciru, akamwuliza babu yake ni nani, akajibiwa, akatikisa kichwa kukubali.

Aliyepewa alikimbia shambani kukata. Lakini bado rundo lilikuwa kubwa, na wingu lilikuwa limekwisha kula kilima chote cha upande wa pili. Matone yakaanza kuhesabika kwenye bati. Mimi nilikuwa nacheza kwa miguu kama mtu aliyebanwa na haja.

"Kabiru, si tungeharakisha kidogo? Mvua..."

"Mvua naijua," akasema bila kugeuka. "Hawa siwajui." Akaokota jingine. "Hili la nani?"

Hakuna aliyemharakisha tena. Waliokuwa hawajapewa walivunja mahindi kwa mikono mitupu na kukimbia na magunia mpaka stoo, wakiitwa mmoja mmoja wakirudi kutaja jina, huku maji yakiwatiririka usoni. Yaliyokatwa yakaingia ndani, gunia juu ya gunia. Ekari ya juu ilikuwa bado imesimama mvua ilipokuja yenyewe, si matone tena, na wote waliingia humo humo ndani ya mahindi wakaendelea.

Likabaki panga moja, langu, lenye mpini wa waya. Kabiru alilijua, lakini alilishika mkononi akiniangalia, maji yakimchora mistari kwenye udongo wa mashavu.

"Unaitwa nani?"

"Acha hizo, wewe."

"Unaitwa nani?"

"Walubengo."

"Nani alikuleta?"

"Wewe. Wewe ndiye ulinileta."

Akafikiria. "Basi makosa yote ni yangu," akasema, akanipa panga kwa upande wa mpini. "Nenda ukavune. Naongeza maji kwenye chai."