Usiombe Kazi

Mteja mmoja wa Mama, mwanamke mnene asiyejua kukaa kimya, alikuwa amesimama juu ya kigoda akipimwa upindo wa gauni aliposema maneno yaliyoivuruga nyumba nzima.

"Binti yangu ni mshauri wa uongozi wa makampuni. Kijana wako si ana digrii na amekaa tu? Nitamwambia binti ampe dakika ishirini Ijumaa. Lakini nisikilize, fundi. Si mambo ya kuomba kazi. Ni kuuliza tu: kazi yenu ikoje, mtu anaingiaje, basi. Akiomba kazi ataniaibisha."

Mama alikuwa na pini tano mdomoni. Alizitema kiganjani ili aitikie kwa heshima.

"Hataomba, dada yangu. Akiomba, basi si mimi niliyemzaa."

Kijana mwenyewe mtaa mzima ulimwita Digrii. Miaka miwili tangu amalize chuo, alikuwa amepeleka barua za maombi mpaka muuza bahasha akawa anamuulizia asipomwona. Mdogo wake wa kike walimwita Kimya. Yeye aliachia shule darasa la tano, akakalia cherehani ya pili, na wako wateja waliovaa nguo za mkono wake mwaka mzima bila kuijua sauti yake. Wiki iliyopita Digrii alimwomba amfundishe kushona vifungo. Kimya alimfundisha. Vifungo vilikaa vizuri, lakini moyo ulimuuma, maana aliona kaka yake ameanza kukata tamaa taratibu, kifungo baada ya kifungo. Hii Ijumaa isipozaa kitu, alijua hataandika barua nyingine.

Jioni hiyo maandalizi yakaanza, hapohapo baina ya cherehani mbili na rundo la vitambaa.

"Kwanza nieleweshe," Mama alisema. "Huyo mshauri anafanya nini?"

"Anaingia kwenye kampuni ya watu, anaangalia mambo yanavyokwenda, halafu anawaambia wenyewe wanakosea wapi."

"Na hawamfukuzi?"

"Wanamlipa, Mama."

Mama akaacha kukanyaga cherehani. "Wanamlipa! Mimi nilimwambia jirani ukuta wake utaanguka, mpaka leo hanisalimii."

"Na ukuta?"

"Ulianguka. Ndiyo maana hanisalimii."

Ilibidi apatikane mtu wa kuwa mshauri wa mazoezi. Mama alijaribu, lakini kila alipoulizwa swali moja alijibu kwa nusu saa, tena kuhusu shemeji zake. Basi akawekwa Kimya. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mto wa pini mapajani, macho chini.

Digrii akafungua daftari. Alikuwa ameandika maswali thelathini na moja.

"Swali la kwanza. Ni changamoto zipi zinazoikabili sekta ya ushauri katika mazingira ya sasa ya ushindani?"

Kimya alifikiri. "Kaka, nikijibu hilo, utanisikiliza au utasoma la pili?"

"Nitasoma la pili. Dakika ni ishirini."

"Basi si bora umwachie daftari alisome mwenyewe?"

Mama akacheka mpaka akaukata uzi vibaya. Digrii akanuna, lakini usiku alifuta maswali ishirini na tano.

Hatari kubwa, hata hivyo, haikuwa maswali. Hatari ilikuwa neno lenyewe. Digrii alikuwa ameomba kazi kwa miaka miwili, na ulimi wake ulikuwa umezoea. Angeanza vizuri, "Ningependa kujua ulianzaje," na kabla hujapepesa jicho, "na kama kuna nafasi yoyote, hata ya kubeba mafaili." Hapo Mama alimchapa mkononi kwa tepu ya kupimia nguo. Chap!

"Umeomba."

"Sijaomba, nimeulizia!"

Chap! "Kuulizia ni kuomba kulikovaa kilemba."

Siku tatu alichapwa. Siku ya nne, Kimya alipomtega kwa sauti yake ndogo, "Kwani kaka, unatafuta kazi?" Digrii aliurudisha mkono nyuma haraka na kujibu, "Hapana! Natafuta maarifa."

"Hapo hapo!" Mama akapiga makofi. "Usibadilishe hata herufi."

Ikabaki suti. Kitambaa kilikuwa cha mteja aliyekileta miaka mingi nyuma akahama bila kurudi. Suruali ilikubali, koti likakubali, ila mkono wa kulia Mama aliufumua mara tatu, na Ijumaa asubuhi ulikuwa umeshikizwa tu kwa nyuzi ndefu. Muda haukuwepo tena.

"Mkono huu usiuinue," Mama alionya. "Na wewe Kimya, nenda naye. Beba sindano. Kaeni mapokezi umalizie, halafu aingie."

Lakini mapokezi, ghorofa ya saba, hawakukaa hata dakika. Mlango wa kioo ulifunguka, akatoka mwanamke wa makamo aliyevaa soksi bila viatu, kikombe cha chai mkono mmoja, na mwingine umenyooshwa kusalimia. Digrii, kwa adabu zake zote, akaunyoosha wa kwake.

Trrr.

Mkono wa koti ukateremka hadi kwenye kiwiko. Mshauri akautazama. Digrii akautazama. Kimya akatazama kiatu chake.

"Nimekuja na mdogo wangu," Digrii alisema. "Ana sindano."

"Aliyejipanga ni huyo, basi," mshauri akajibu. "Ingieni wote, kijana, nina dakika kumi na nane."

Ndivyo Kimya alivyojikuta ndani ya chumba cha vioo, amepiga magoti kando ya kaka yake, akishona bega huku mazungumzo yakiendelea juu ya kichwa chake. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa koti upande uleule, na halikuweza kutolewa. Digrii akabaki na alichokumbuka.

"Ni wapi," akameza mate, "ni wapi ulipokosea mara ya kwanza katika kazi hii?"

Mshauri akaweka kikombe chini. "Hilo hawaniulizi." Akawaza. "Kiwanda cha mikate. Mikate ilikuwa inaungua. Tuliwapangia zamu upya, tukaandika ripoti kurasa themanini. Ikaendelea kuungua."

Kimya alisubiri swali la pili. Halikuja. Kaka yake alikuwa amejiinamia mbele, anasikiliza.

"Wachomaji wenyewe mliwauliza?" Digrii akasema.

"Hatukuwauliza. Tuliongea na mameneja. Baada ya miezi mitatu mzee mmoja wa pale akanionyesha saa ya ukutani. Ilikuwa ikichelewa dakika saba kila saa. Kila mtu wa tanuri alijua."

"Kwa nini hakusema?"

"Kwa sababu hakuna aliyemuuliza." Mshauri akacheka, kicheko cha mtu anayejicheka. Wakaongea hivyo, swali likizaa swali, mpaka dakika kumi na nane zikawa thelathini, na Kimya akawa anashona polepole makusudi, maana bega lilikuwa limeshakwisha.

Mwisho mshauri akaegemea kiti. "Tuna mradi wa miezi mitatu. Mtu wa kuzunguka madukani, kuuliza wateja, kusikiliza na kuandika. Aliyekubali alighairi jana. Mradi unaanza Jumatatu. Niambie, unatafuta kazi?"

Mkono wa Digrii uliruka nyuma wenyewe.

"Hapana! Natafuta maarifa."

Digrii akatabasamu, uso umemng'aa kama wa mtoto aliyeimaliza sala bila kukosea.

"Ah," mshauri akasema, kidogo kwa masikitiko. "Vizuri. Wengi wanaokuja hapa wanasema maarifa, kumbe shida yao kazi. Basi nitamwita mwingine." Akachukua simu yake, akaanza kutafuta namba.

Kimya alimchoma kaka yake sindano.

"Aa!"

"Nini?"

"Hakuna kitu, mama. Nashukuru sana kwa muda wako," Digrii akasema, akaanza kuinuka. Miaka miwili ya bahasha, naye anainuka! Kidole cha mshauri kilikuwa kimepata namba. Kimya alifungua mdomo. Sauti haikuja. Akaumeza uzi uliokuwa kwenye midomo, akajaribu tena.

"Anatafuta."

Wote wawili wakamgeukia. Masikio yalimwaka moto, lakini maneno yalikuwa yameshapata njia.

"Anatafuta kazi. Anaitafuta kila siku. Sasa ameanza kushona vifungo. Tumemfundisha aseme hapana, amechapwa siku tatu, hawezi kujizuia. Mama yako alisema akiomba atamwaibisha."

Mshauri akaishusha simu. "Mama yangu mimi alisema hivyo?"

Kimya akaitikia kwa kichwa. Sauti ilikuwa imekwisha.

"Mama yangu amenipigia mara nne wiki hii! 'Mpe kijana wa fundi kazi, gauni langu limenikaa vizuri.' Nikamwambia mimi sitoi kazi kwa ajili ya gauni, nitamsikiliza tu." Akamtazama Digrii. "Nimemsikiliza. Sasa wewe, sahau ulichofundishwa. Unaitaka au huitaki?"

Digrii alimtazama mdogo wake, akautazama mkono wake, akausukuma chini ya paja na kuukalia.

"Naitaka," akasema. "Naitaka sana."

"Jumatatu, saa mbili asubuhi. Na koti uliache nyumbani, utatembea juani."

Walipotoka hawakusemezana mpaka mlango wa lifti ulipofungwa.

"Umeniombea kazi," Digrii akanong'ona.

"Ndiyo."

"Mama atasemaje?"

Hilo Kimya hakuwa amelifikiria. Walizitazama namba za lifti zikibadilika.

"Tumwambie hukuomba," akasema. "Tuseme uliombwa wewe."

"Enhe. Aliniomba, nikakataa."

"Ukakataa mara mbili," Kimya alisema ghorofa ya tano.

"Tatu. Akaniambia fikiria kwanza, mwanangu."

"Akasimama mlangoni usitoke."

Kufika ghorofa ya tatu, katika hadithi yao mshauri alikuwa ameshika koti kwa mikono miwili, na ndiyo maana bega lilifumuka. Ya pili, wafanyakazi wenzake walikuwa wamekuja kumsaidia kubembeleza. Digrii alikuwa anacheka huku akijifuta macho.

"Halafu akalia," akasema.

Kimya akatikisa kichwa. Lifti ilikuwa inagota chini, na mfukoni simu ya Digrii ilikuwa imeshaanza kuita: Mama.

"Asilie, kaka. Akilia, Mama atataka kwenda kumpa pole."