Sikio la Baba Mkwe

Fundi wa viungo bandia alishatengeneza mikono, miguu na pua za watu asiowajua, na roho haikuwahi kumdunda hata siku moja. Alipoambiwa atengeneze sikio la baba mkwe wake, chakula kikamshinda.

Mzee alikuwa amekatwa sikio la kushoto kwa sababu ya uvimbe. Alipona vizuri, lakini hakutoka tena nje. Alishinda sebuleni na taulo kichwani, akitoa amri. Mama mkwe alishasema wazi: mume wake anaozea kwenye kochi, na kama mkwe aliyesomea kazi hiyo hawezi kumsaidia, basi yeye hajui binti yake aliolewa ili iweje.

Kazi yenyewe inaeleweka. Unalipiga picha sikio lililobaki, kila upande. Kompyuta inaziunganisha picha na kukupa umbo zima, kisha unaligeuza la kulia liwe la kushoto. Ila lazima rula ionekane pichani, maana kompyuta inajua umbo, ukubwa haiujui. Na rula hukaa imegusa shavu. Fundi aliitoa mfukoni, akairudisha, akaitoa tena. Shavu la baba mkwe si mahali pa kuegesha vitu. Akapiga picha bila rula, akajiambia ukubwa atakadiria.

Kompyuta ilimpa mzee sikio la mita tatu. Fundi akalipunguza kwa macho, akalitengeneza kwa silikoni, akalipeleka. Mzee alilivaa, akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Hili," alisema, "litasikia mpaka ya majirani."

Mama mkwe alikumbuka ghafla kwamba ana kazi jikoni, na kicheko chake kikasikika huko huko. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Ilibidi akiri kwamba hakupima, na kwamba heshima ndiyo iliyomzuia.

"Heshima yako imenipa sikio la punda," mzee akasema. "Lete hiyo rula."

Akaibana shavuni mwenyewe, akatulia tuli huku mkwewe akimzunguka na kamera. Fundi hakuwahi kumsogelea karibu hivyo. Aliona mzee amefumba macho kwa nguvu, midomo ikimcheza. Ndipo alipoelewa kwamba mwenye hofu zaidi chumbani humo hakuwa yeye, na akamhurumia sana.

Sikio la pili lilikaa. Mzee aliacha taulo kwenye kochi, akatoka bila kuaga. Mama mkwe alisimama dirishani. Fundi akajifanya anapanga vifaa vyake.

Mzee alirudi amenuna.

"Nimezunguka mtaa mzima," alisema. "Nimeingia dukani, nimekaa na kinyozi tukaongea weee. Hakuna hata mmoja aliyenishangaa."

Mama mkwe akaanza kulia kwa furaha. Mzee alimtazama, akaona hajaeleweka.

"Kesho nakwenda sokoni," akasema. "Huko angalau watu wana macho."