Kibao Ndani ya Kioo

Mkurugenzi alikuwa mtu wa kujikosha. Miaka tisa hakuwahi kumpa salamu Mama Simu, mpokea simu wake asiyeona. Wiki aliyosikia kwamba wafadhili wanakuja kukagua jinsi anavyowajali walemavu, akaanza kumwita "mwanangu". Mwanangu! Na Mama Simu alimzidi miaka sita.

"Kesho utatusomea kibao cha nukta nundu mbele ya wageni," alimwambia. "Ukisoma vizuri, tutaliangalia suala la mkataba wako."

Mkataba ulikuwa unaisha Ijumaa. Ukishaisha, Mama Simu angerudi kwa dada yake, ambaye tayari alikuwa amemwandalia kiti cha pembeni na kumpigia kelele utadhani ni kiziwi: "Wewe kaa tu, tutakulisha!" Mwanamke aliyekariri namba mia nne za simu, aliyefundishwa kwenye shule ya wasioona kufua, kupika na kutukana kwa adabu, leo hii alishwe!

Jioni hiyo mlango wa Mkurugenzi ulikuwa wazi. Mama Simu akamsikia karani akiuliza kibao kiandikwe nini.

"Maneno yoyote mazuri," Mkurugenzi alisema. "Kwani nani atajua?"

Asubuhi wageni walijaa ukumbini. Mkurugenzi alimshika Mama Simu kiwiko, akamburuta hadi ukutani kama mkokoteni, huku mdomo wake ukihubiri utu. Mama Simu akanyoosha vidole kutafuta nukta. Akagusa kioo.

Akapapasa kushoto, kulia, juu. Kioo kitupu. Wapumbavu hawa walikuwa wameyafungia ndani ya fremu maandishi ya kusomwa kwa vidole, eti vidole visiyachafue!

"Soma, mwanangu," Mkurugenzi alinong'ona.

Angeweza kumuumbua palepale. Watu wangecheka, na Ijumaa ingemkuta kwenye kiti cha pembeni. Akameza hasira yake, akavirudisha vidole kwenye kioo na kuvitembeza polepole.

"Ofisi hii," alisoma kwa ile sauti yake ya simu, "inamthamini mpokea simu wake. Kuanzia leo ameajiriwa kwa kudumu."

Makofi yakalipuka. Kiongozi wa wafadhili alimpa Mkurugenzi mkono, akammwagia sifa, kisha akaomba aione barua ya ajira kabla hajaondoka. Mkurugenzi akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wakwe.

Kabla ya saa sita barua ilikuwa imechapwa na kusainiwa. Karani akamsomea Mama Simu neno kwa neno, mara mbili. Wageni walipoondoka, Mkurugenzi akaja kuinama juu ya meza yake.

"Kile kibao hakikuandikwa vile."

"Kimeandikwaje?" Mama Simu aliuliza.

Simu ikaita, naye akaipokea.