Albamu ya Kokoto Katika Shamba la Mtama

Kudra alikuwa amemaliza kumwingizia mteja nyimbo za kwaya kwenye kadi ya simu, na anamtafutia mwingine taarabu, pale Moses wa bodaboda aliposimamisha pikipiki mbele ya kibanda chake, karibu na soko la Kasulu.

"Dada Kudra, ile albamu unayoitafuta nimeisikia. Inaimba shambani kwa mama Esteri, Kagerankanda."

"Kwenye redio?"

"Redio gani? Kwenye mtama. Jua likiwaka inaimba, wingu likipita inanyamaza. Mimi nilidhani unajua."

Kudra hakujua. Kibandani kwake hukosi wimbo, mji mzima ulilijua hilo. Ulijua pia kuwa zilikosekana nyimbo za *Turubai*, albamu ya kwanza ya bendi ya Kokoto, ambayo ndiyo ikawa ya mwisho. Kokoto walikuwa vijana watatu wa Kirundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Léonard alipiga gitaa la umeme lililokwaruza kama bati linaloburutwa. Cadet alipiga ngoma alizoziunda kwa makopo ya mafuta ya msaada. Dieudonné alirap juu ya makelele hayo, haraka haraka, kama mtu anayengojwa na gari lililowashwa. Huyo Dieudonné ndiye aliyemwahidi Kudra ndoa.

Kambi ilipokuwa inafungwa, walirekodi, wakachoma CD katoni moja, na katoni ikapelekwa dukani kwa Mzee Twalibu, baba yake Kudra, aliyeuza CD, betri na vitenge. Kudra hakuwepo. Alikuwa Kumsenga, huko Kibondo, alikotumwa kumuuguza shangazi yake Mwanahawa. Shangazi hakuwa mgonjwa sana. Maji alichota mwenyewe. Kudra aliporudi, malori ya kuwarudisha Warundi kwao yalikuwa yameshavuka mpaka. Baba yake akamwambia hakuna katoni iliyofika, wala mtu aliyemuulizia.

Kudra akafunga kibanda, akapanda nyuma ya Moses.

Esteri walimkuta ukingoni mwa shamba, amejifunga kanga mbili, anakula muhogo wa kuchemsha. Juu ya mtama zilipita kamba kutoka mti hadi mti, na kwenye kamba zilining'inia CD, upande wa kung'aa nje, ili kufukuza ndege. Nyingi zilikuwa zimechujuka na kubaki kunguruma tu. Moja, iliyokuwa karibu na kichuguu, ilikuwa nzima. Jua liliipiga, nayo ilikuwa katikati ya wimbo wa tano.

"Mwakeye, mwanangu," Esteri alimsalimia kwa Kiha. "Kaa. Huu wa sita una gitaa zuri."

Kudra alikaa. Sauti ya Dieudonné ilitoka kwenye CD ile waziwazi, ikitaja foleni ya mahindi, turubai linalovuja, na binti wa dukani mwenye kidoti shavuni. Chiriku walikuwa wamejipanga kwenye kamba, wakitingisha vichwa kwa mapigo ya makopo. Hakuna aliyeruka.

"Mbona hawakimbii?" aliuliza Moses.

"Ngojeni wa mwisho."

Kudra alitoa simu arekodi. Alipojaribu kusikiliza, ilikuwa na upepo na sauti ya Esteri akitafuna. Akairudisha mkobani.

"Mama, CD hizi ulizipata wapi?"

"Kwa Mzee Twalibu wa Kasulu. Alikuja mwenyewe, akagawa shamba kwa shamba, bure kabisa. Zote zilikuwa zimekwanguliwa majina kwa wembe."

Moses alitazama pembeni. Mzee Twalibu hakuwahi kumpa mtu bure hata njiti ya kiberiti.

Wimbo wa nane uliisha. Ndipo ukaanza mwingine, usio na ngoma wala gitaa.

"Huu uliongezeka baadaye," Esteri alisema. "Zilipoletwa, nyimbo zilikuwa nane. Mwaka uliofuata, mtama ulipochanua, tukakuta na huu."

Dieudonné hakuwa akirap sasa. Aliimba polepole, sauti imezeeka kidogo.

"Kudra wanje, Kudra wangu, hongera. Nilifika dukani na shati la kuazima. Baba yako akanikaribisha, akanipa chai ya maziwa, akaniambia umeolewa Ujiji, mume ana duka la vyombo. Nikaimaliza chai, si vizuri kuiacha chai ya watu. Hongera, bibi harusi. Wenzangu walikuwa wananiita, lori linaondoka."

Chiriku waliruka wote kwa pamoja, wakaenda hadi ng'ambo ya bonde.

"Ndio hivyo," Esteri alisema. "Huu hawauwezi. Ndiyo maana tunavuna."

Kisha akamtazama Kudra, akaona kidoti shavuni, akaacha kutafuna. "Kumbe ni wewe. Mumeo hajambo?"

"Sina mume, mama."

"Ego, haya," alisema Esteri kwa sauti ndogo. Alinyanyuka, akaifungua CD kwenye kamba, akaifuta kwa pindo la kanga, akampa Kudra. Kudra alimwachia nyingine aliyokuwa nayo mkobani, ya mafunzo ya kompyuta.

Kesho yake asubuhi Kudra aliianika CD kwenye kamba ya nguo uani, kati ya shuka na kanzu ya baba yake. Mzee Twalibu alikuwa kitini anangoja chai. Jua lilipopanda juu ya ukuta, albamu ilianza. Aliisikiliza yote, mikono magotini.

Wimbo wa mwisho ulipofika kwenye hongera, jirani yao Kezia, aliyekuwa anafua upande wa pili wa ua, alipiga vigelegele. Hongera ya bibi harusi haiachwi bila kuitikiwa. Wanawake wa nyumba ya tatu nao wakaitikia.

"Baba, nimeolewa Ujiji?" Kudra aliuliza, akimpa chai.

Mzee alipuliza chai. "Wangekupakia kwenye lori."

"Ningepanda."

"Ndiyo. Nilijua ungepanda." Akaonja, akakunja uso. "Sukari haikukolea."

Kudra akaongeza sukari, akakoroga, akamrudishia kikombe kwa mkono wa kulia.

CD haikuanuliwa tena. Kila siku ya jua iliimba hadi mwisho, na majirani, walipokuwepo, waliitikia. Mzee Twalibu alisogeza kiti chake kufuata kivuli, na chai aliinywa kama kawaida. Na kila mara wimbo ulipofika kwenye hongera, Kudra aliacha alichokuwa anakifanya, akainamisha uso, kama inavyompasa bibi harusi, mpaka vigelegele viishe.