Maji ya Moto kwa Bibi Madziva

Kosa lilikuwa langu, na ninaliandika kwanza ili mtu asije akamtupia Netsai.

Alipotoka gerezani mwezi wa saba, mimi ndiye niliyempokea langoni. Sisi akina mama wa kanisa, wa blauzi nyekundu, tumekuwa tukiwatembelea wafungwa wanawake tangu marehemu mume wangu alipokuwa hai. Kila anayetoka hupewa mama mmoja wa kusali naye na kumrudisha kwao. Netsai nilipewa mimi. Alikuwa amefungwa miaka mitano kwa kuchoma nyumba. Mumewe alileta mwanamke kutoka Johanesbagi akamlaza chumbani mwa Netsai. Siku walipotoka kwenda dukani, Netsai akakitia moto chumba, na upepo ukauchukua moto hadi kwenye kibanda cha jiko cha mama mkwe wake, Bibi Madziva. Hakufa mtu, ila jiko liliteketea lote. Mume akarudi zake Johanesbagi, na mtoto wao, Kundiso, akabaki kwa bibi. Aliachwa na miaka miwili, sasa ana saba.

Netsai hakuniomba nyumba wala kazi. "Mama Ruvimbo," aliniambia, "nataka mwanangu anijue. Akae kwa bibi yake, sawa. Anijue tu."

Nikamwambia atoe ushuhuda kanisani. Nimeona wengi wakisimama wakalia na watu wakalia nao, nikadhani dawa ni ile ile. Jumapili akasimama, akasema yote: kipigo cha mumewe, yule mwanamke, kiberiti. Kanisa zima likageuza shingo kumtazama Bibi Madziva, mama wa mpigaji, aliyekaa mbele na blauzi yake iliyopigwa pasi. Akainuka, akamshika Kundiso mkono, wakatoka.

Alhamisi, baada ya maombi, alinivuta kando.

"Mwanangu ni mbaya, najua, nilimzaa mwenyewe," alisema. "Lakini wewe umenivua nguo mbele ya kwaya. Mwambie huyo mtu wako asikanyage kwangu."

Nilirudi nyumbani nikamwomba Netsai radhi. Alikuwa anachambua mboga.

"Nilijua itakuwa hivyo, Mama," akasema. "Nilinyamaza kwa sababu unanilisha."

Neno hilo liliniuma kuliko la Bibi Madziva. Nikamuuliza basi yeye angefanyaje.

"Mkwe haombi kwa mdomo. Nilipoolewa niliwapelekea wakwe maji ya moto alfajiri wanawe uso. Wakinawa, wamekupokea. Nitapeleka tena. Nisindikize, maana bila mjumbe sitasikilizwa."

"Na mjumbe aseme nini?"

"Mjumbe anyamaze."

Tulikwenda Jumatatu, kumekucha kidogo na baridi inauma masikio. Netsai alibeba ndoo, mimi nikabeba kuni na beseni. Ndani ya ua hakuthubutu kuingia, kwa hiyo akapanga mawe matatu nje ya lango na kuwasha moto. Hapo ndipo nilipotambua tunafanya nini, na nikaanza kusali kimoyomoyo.

Jirani alichungulia juu ya ua. "Bibi Madziva, mkweo amerudi na kiberiti. Nikuletee ndoo?"

Bibi akatoka amejifunga blanketi. Nyuma yake lilikuwepo jiko jipya, la mabati.

"Mama Ruvimbo. Umemleta kwangu na moto?"

"Na maji, Bibi."

"Naona kipi kimetangulia."

Nilikuwa na mistari mitatu ya Maandiko mdomoni. Nikaimeza. Netsai akamimina maji kwenye beseni, akapiga magoti mchangani, akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, kama mkwe anavyosalimu. Bibi hakuitikia. Mvuke ulipanda, kisha ukapungua, kisha ukaisha. Jirani alichoka akaingia ndani.

"Kanisani ulisema mengi," Bibi alisema mwishowe. "Ya mwanangu yote uliyataja. Uliacha nini?"

Netsai hakuinua macho. "Vyungu vya mama yako."

"Vilikuwa vingapi?"

"Vitano. Kimoja kimepasuka mdomo, ulikuwa unawekea mbegu za maboga. Mimi ndiye niliyekuwa navisafisha, Mama. Nilivisikia vikipasuka, kimoja kimoja. Gerezani nilikuwa navisikia hata mchana."

Mwenyewe sikuwahi kujua habari za vyungu. Miezi nimekaa na Netsai, nimemuuliza habari za toba yake, sikuwahi kumuuliza nini kiliungua.

Bibi akasogea, akainama kwa shida, akachovya vidole.

"Yamepoa."

"Nitachochea moto, Mama."

"Chochea. Lakini si huko barabarani, watu wanapita. Ingia huku."

Netsai alihamisha mawe yale kwa mikono yake, yakiwa bado ya moto, wala hakulalamika. Maji yalipopata joto Bibi alinawa uso, polepole, na nyuma ya masikio. Kisha akaita mlangoni.

"Kundiso, njoo unawe, utachelewa shule."

Mtoto akatoka na sare yake, sweta amelivaa nyuma mbele. Akamtazama mgeni aliyepiga magoti.

"Bibi, huyu ni nani?"

"Muulize mwenyewe," Bibi Madziva alisema, akijifuta kwa ncha ya blanketi. "Mdomo anao. Kanisa zima linajua."

Netsai aliliinua beseni kwa mikono miwili. Akamshikia mtoto, likainama hadi maji yakamwagika magotini.

"Unamwaga," Kundiso alimwambia, akalishika beseni upande wa pili.